Mbwa Anapoachwa kwa Jirani: Somo kwa Wanaosafiri Msimu wa Sikukuu

SOMO LA MWEZI: AFYA YA MIFUGO NA JAMII

Kila Desemba vituo vya mabasi vya Mtwapa, Kilifi na Malindi hujaa watu na mizigo. Shule zimefungwa, ofisi nyingi zimepunguza kazi, na familia zinaelekea Magharibi, Nyanza, Ukambani, Mlima Kenya au Taita. Wengine hawavuki mipaka ya kaunti; wanatoka mjini kwenda kuwaona wazee Ganze, Kaloleni au Magarini. Kwa wiki mbili hivi nyumba hubaki imefungwa, funguo hupewa jirani, na mbwa hubaki uani.

Jirani huyo kwa kawaida huambiwa maneno machache: "Utamtupia chochote." Naye hukubali kwa ujirani mwema. Haelezwi mbwa hula kiasi gani, hulala wapi, humwogopa nani, wala kama amechanjwa. Mara nyingi siku hupita salama. Lakini siku mbwa atakapomuuma mtoto wa mtaani, swali moja litakaloulizwa hospitalini ni kama mbwa huyo ana chanjo. Kadi yenye jibu imefungiwa ndani ya nyumba, na mwenye mbwa yuko safarini, simu haipatikani.

Somo hili linaeleza jinsi ya kumwacha mbwa mikononi mwa mtu mwingine bila kumhatarisha mbwa, mtu huyo wala mtaa. Jambo kuu la kushika ni hili: anayemwacha mbwa anakabidhi dhamana pamoja na chakula, na hakuna awezaye kubeba dhamana hiyo bila kupewa habari kamili, kadi ya chanjo na ruhusa ya kuchukua hatua.

Baada ya somo hili, msomaji ataweza:
- kueleza kwa nini mbwa aliyeachwa ni jambo la afya ya umma;
- kumchagua mtu anayefaa kuachiwa mbwa;
- kumwandaa mbwa kabla ya safari;
- kuandika hati fupi ya makabidhiano;
- kujua hatua za kuchukuliwa mbwa akiuma, akiugua au akipotea.

1. Kwa nini jambo hili linahusu umma

Watu wengi huona mbwa kuwa jambo la boma la mtu. Sheria haioni hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao. Kazi hiyo inajumuisha kutoa leseni za mbwa, pamoja na mahali pa kuhifadhi, kutunza na kuzika wanyama.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumnyima mnyama chakula na maji au kumtelekeza mahali atakapoteseka. Anayewajibika ni mwenye mnyama na pia mtu aliyekabidhiwa kumtunza. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inamtaka mtu aliye na mnyama achukue tahadhari dhidi ya madhara yanayoweza kusababishwa na mnyama huyo. Kwa hiyo jirani anayepokea mbwa hapokei kazi ya kumwaga chakula tu. Kwa siku hizo, mbwa huyo yuko mikononi mwake.

Sababu kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Inakadiriwa kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 2,000 nchini Kenya kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 99 ya wanaoupata huambukizwa na mbwa, na kwamba watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho ni kifo. Kabla ya dalili kuanza, ugonjwa unaweza kuzuiwa kabisa. Ndiyo maana serikali ilizindua mkakati wa taifa wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa. Nguzo kubwa ya mkakati huo ni chanjo: mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika.

Safari inaingiaje hapo? Mbwa asiyelishwa vizuri hutoka kujitafutia. Anapozurura kwenye majaa na nyuma ya vichinjio hukutana na mbwa asiowajua na kupigana nao. Akiumwa na mbwa mgonjwa, haonyeshi dalili siku hiyo. Dalili zinaweza kuchukua wiki kadhaa, au hata miezi, kujitokeza. Familia inarudi Januari, inampata mbwa mnene na mchangamfu, watoto wanamkumbatia, na hakuna anayejua kilichotokea usiku wa Krismasi.

2. Kumchagua mlezi

Mtu anayeachiwa mbwa anaitwa mlezi katika somo hili. Anaweza kuwa jirani, ndugu, mlinzi wa boma, au mtu anayefanya kazi hiyo kwa malipo. Baadhi ya kliniki za mifugo na nyumba za kulea mbwa pia hupokea mbwa kwa malipo ya siku.

Swali la kwanza ni iwapo mbwa abaki kwake au ahamishwe. Mbwa mzima aliyezoea boma lake kwa kawaida hutulia zaidi akibaki hapo hapo, na huendelea kulinda nyumba. Sharti lake ni kwamba mlezi afike angalau mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni, na asiishie kutupa chakula juu ya ua. Anapaswa kuingia, kumwangalia mbwa akila, kubadilisha maji na kukagua ua. Mtoto wa mbwa, mbwa mzee, mbwa mgonjwa, au yule asiyevumilia upweke, afadhali apelekwe mahali penye watu.

Mbwa akihamishwa, mwenye mbwa aende kwanza kupaona mahali hapo. Atazame kama ua unafika chini pasipo tundu, kama kuna kivuli wakati wa adhuhuri, na kama mbwa wengine waliopo wamechanjwa. Nyumba ya malipo isiyouliza kadi ya chanjo ya mbwa anayeletwa haikuiuliza kwa wengine pia. Hiyo ni sababu tosha ya kutafuta kwingine.

Mlezi mwema ni mtu mzima, ana afya ya kumshika mbwa mwenye nguvu, hamwogopi, na atakuwepo siku zote za safari. Mtoto wa shule anaweza kusaidia kujaza maji, lakini asiachiwe dhamana. Mbwa akipigana au akikataa kurudi ndani, mtoto huingilia kati kwa mikono mitupu.

Jambo jingine ni heshima kati ya majirani. Katika mitaa ya Pwani, Waislamu na Wakristo huishi ukuta kwa ukuta, na Waislamu wengi huepuka mate ya mbwa kwa sababu za twahara. Jirani wa namna hiyo anaweza kuona haya kukataa ombi la ghafla. Ni adabu kumuuliza mapema na kwa upole, na kumwachia nafasi ya kusema hapana. Bado anaweza kusaidia kwa njia nyingine, kama vile kutupia jicho lango na kupiga simu akiona mbwa ametoka, wakati kazi ya kulisha na kuosha vyombo inafanywa na mtu mwingine.

Mwisho, malipo. Wiki mbili za kufika mara 2 kwa siku ni safari 28. Pesa, zawadi au zamu ya kubadilishana vitajwe kabla ya safari. Kazi iliyokubaliwa kwa uwazi haifanywi kwa kinyongo. Pesa za chakula na za dharura ziwekwe mbali na malipo ya mlezi.

3. Maandalizi ya mwezi mmoja

Mambo mengi yanayoharibika wakati wa safari yangeweza kuzuiwa wiki 4 kabla.

Chanjo. Mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa kuanzia umri wa miezi 3, kisha kila mwaka kama anavyoelekeza daktari wa mifugo. Kinga haijengeki siku ya sindano. Huchukua takriban wiki 3 hadi 4 kukomaa. Mbwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza tarehe 20 Desemba hana kinga kamili siku ya Krismasi. Anayesafiri katikati ya Desemba ampeleke mbwa katikati ya Novemba. Mbwa atakayekaa na wenzake anahitaji pia chanjo dhidi ya magonjwa mengine ya mbwa, hasa pavo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa kwa siku chache.

Minyoo, kupe na viroboto. Dawa ya minyoo na ya kupe itolewe kabla ya safari. Kupe huleta homa inayomaliza damu ya mbwa, na mlezi asiyemjua mbwa huyo vizuri anaweza kudhani ana huzuni ya kumkosa mwenyewe.

Mbwa jike. Jike huingia kwenye joto takriban kila miezi 6, na hali hiyo hudumu kama wiki 3. Harufu yake huwaita madume kutoka mbali, nao huruka ua, hupigana na huumana. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Jike aliyepandwa mkesha wa Krismasi atazaa mwishoni mwa Februari. Mwenye mbwa ahesabu tarehe. Kama joto litaangukia wakati wa safari, mlezi aambiwe na jike awekwe ndani ya banda linalofungwa. Asiyetaka watoto wa mbwa azungumze mapema na daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi.

Utambulisho. Mbwa avalishwe ukanda wa shingoni wenye nambari ya simu ya mwenyewe na ya mlezi. Nambari inaweza kuandikwa kwa kalamu isiyofutika kwenye upande wa ndani wa ukanda. Picha mbili za mbwa, moja ya uso na moja ya ubavu, zitumwe kwenye simu ya mlezi.

Ua. Matundu yazibwe na komeo la lango likaguliwe. Sumu ya panya, dawa za shambani na mafuta ya gari viondolewe sakafuni.

Mazoea. Mlezi aje kumlisha mbwa mara 3 au 4 mwenyewe akiwepo, kisha mara 1 au 2 mwenyewe akiwa ametoka. Mbwa mkali wa ulinzi anaweza kumkubali mgeni mbele ya bwana wake na kumkataa akiwa peke yake. Ni bora kuligundua hilo wiki moja kabla kuliko usiku wa kwanza wa safari.

4. Chakula, maji na usalama wa kila siku

Chakula kisibadilishwe ghafla, kwani mabadiliko huleta kuhara. Mbwa aliyezoea sima na dagaa aendelee na sima na dagaa. Kipimo kiwe cha chombo kinachojulikana, si cha mkono wa mtu. Chukua mfano wa mbwa wa kilo 20 hivi anayekula robo kilo ya unga na gramu 50 za dagaa kwa siku. Safari ni ya siku 14, na siku 3 huongezwa kwa sababu mabasi hujaa Januari na tarehe za kurudi husogea. Siku 17 zinahitaji unga kilo 4 na robo, na dagaa gramu 850. Chakula hicho kinunuliwe chote na kuachwa kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na panya na unyevu.

Maji yanahitaji uangalifu zaidi kuliko chakula. Msimu wa sikukuu ni msimu wa kaskazi, na joto la Pwani huwa kali. Mbwa wa kilo 20 hunywa lita moja au zaidi kwa siku, na kwenye joto hunywa zaidi ya hapo. Viwekwe vyombo viwili vizito visivyopinduka, kivulini, na maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Mbwa asifungwe mnyororo mchana kutwa, kwa sababu jua huhama. Kivuli cha saa tatu asubuhi si kivuli cha saa nane mchana, na mbwa aliyefungwa hawezi kukifuata.

Mlezi aonywe kuhusu vitu vinavyodhuru:

- Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku. Hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Hatari hii huongezeka siku za karamu.
- Kokwa za embe. Desemba ni msimu wa maembe; mbwa hupenda utamu wake na humeza kokwa, nayo inaweza kuziba utumbo.
- Vitunguu, chokoleti, zabibu mbichi na kavu, na njugu za makadamia.
- Tembo la mnazi na pombe nyingine yoyote.
- Bunju aliyetupwa ufukweni na maji. Sumu ya samaki huyu humuua mbwa kama inavyomuua mtu. Mbwa asiachiliwe kuokota samaki pwani.
- Dawa za binadamu. Dawa za maumivu zinazouzwa dukani, kama parasetamoli na ibuprofeni, zinaweza kumuua mbwa.

Usiku wa tarehe 31 Desemba uwe na mpango wake. Fataki na muziki mkubwa huwatisha mbwa hadi wakakata kamba na kuruka kuta. Kabla ya saa mbili usiku mbwa awe amelishwa, amewekwa ndani ya chumba au banda linalofungwa, mbali na lango. Asifungwe kwa kamba karibu na ua, kwa sababu akiruka anaweza kujinyonga.

5. Hati ya makabidhiano

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ukurasa mmoja wa daftari la shule unatosha. Hati iandikwe nakala mbili, mwenye mbwa abaki na moja na mlezi moja, na iwe na mambo haya:

- Jina la mbwa, umri, jinsia, rangi na alama zake.
- Tarehe ya chanjo ya mwisho ya kichaa, na kadi yenyewe ikiwa imeambatishwa. Kadi iachwe kwa mlezi. Mwenye mbwa apige picha na kubaki nayo kwenye simu.
- Kipimo cha chakula, saa za kulisha, na dawa zozote anazotumia.
- Tabia zake: anachokiogopa, kama huwafukuza waendesha bodaboda, kama amewahi kuuma.
- Simu ya mwenye mbwa, na simu ya mtu wa pili anayeweza kutoa uamuzi kama ya kwanza haipatikani.
- Jina na simu ya daktari wa mifugo. Mhudumu huyo awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.
- Ruhusa ya matibabu, kwa maneno kama haya: "Nikikosekana kwenye simu, mlezi anaruhusiwa kumpeleka mbwa kwa daktari na kutumia hadi shilingi ____. Zaidi ya hapo amuulize ____."
- Makubaliano kuhusu gharama mbwa akimuuma mtu au kuharibu mali.
- Tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, na saini za wote wawili.

Kipengele cha ruhusa ya matibabu ndicho husahaulika zaidi. Bila hiyo, mlezi mwaminifu husubiri simu ipokelewe huku mbwa akizidiwa, kwa kuogopa kutumia pesa za mtu.

6. Yakitokea ya kutokea

Mbwa akimuuma au kumkwaruza mtu

Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Lisipakwe pilipili, mafuta, majani wala dawa ya meno. Mtu aliyeumwa afike kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, na hata kama mbwa ana kadi. Kadi ipelekwe, maana itamsaidia mhudumu kuamua. Akianzishiwa sindano, azimalize zote kwa tarehe alizopewa.

Mbwa asiuawe. Afungiwe mahali salama, alishwe, na aangaliwe kwa siku 10, na ofisi ya mifugo ya wadi au kaunti ndogo ijulishwe. Mbwa anayebaki mzima siku hizo zote hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma, na habari hiyo humsaidia daktari. Mbwa aliyeuawa na kutupwa huondoka na jibu. Akifa mwenyewe au akionyesha dalili, asiguswe kwa mikono mitupu. Maafisa wa mifugo wataelekeza jinsi ya kuchukua sampuli.

Dalili za kutiliwa shaka ni tabia kubadilika ghafla, mate mengi, kushindwa kumeza, sauti kuwa nzito, kuuma vitu ovyo, na miguu kupooza. Si kila mbwa mgonjwa huwa mkali; wengine hunyamaza na kujificha gizani. Kigezo cha kuogopa maji, ambacho wengi hukitumia, ni dalili ya binadamu. Mbwa mwenye kichaa anaweza kukaribia maji kama kawaida.

Mbwa akiugua

Kukosa hamu ya chakula siku ya kwanza kunaweza kuwa upweke. Kukataa chakula siku ya pili, kutapika mara kwa mara, kuhara damu, ufizi kuwa mweupe au kuhema kwa shida kunahitaji daktari siku hiyo. Mbwa aliyezidiwa na joto ahamishiwe kivulini, amwagiwe maji ya kawaida tumboni na miguuni, apepewe, na apewe maji ya kunywa kidogo kidogo, kisha apelekwe kwa daktari.

Mbwa akipotea

Mwenye mbwa aambiwe saa hiyo hiyo. Wapo walezi wanaoficha kwa siku tatu wakitumaini mbwa atarudi, na siku hizo tatu ndizo za thamani zaidi. Picha isambazwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, mzee wa mtaa na chifu wajulishwe, na ofisi ya mifugo iulizwe kama kuna mbwa aliyeokotwa.

Mbwa akifa

Kama hakuna shaka ya kichaa, azikwe kwenye shimo refu, mbali na kisima na mto. Mzoga usitupwe barabarani, kwenye jaa wala ufukweni. Mlezi amweleze mwenye mbwa ukweli wa jinsi ilivyotokea, na mwenye mbwa apokee maelezo hayo kabla ya kulaumu.

7. Siku ya kurudi

Makabidhiano ya kurudi ni muhimu sawa na ya kuondoka. Kabla watoto hawajamkimbilia mbwa, mwenye mbwa azungumze na mlezi. Amuulize kama mbwa alitoka nje, kama alipigana, na kama kuna mtu aliyeumwa au kukwaruzwa. Mwili wa mbwa ukaguliwe kichwa hadi mkia, hasa masikio, shingo na miguu, kutafuta majeraha na kupe. Likipatikana jeraha la kuumwa lisilojulikana limetoka wapi, daktari wa mifugo aonwe siku hiyo, hata kama mbwa ana chanjo, na watoto wakae mbali naye mpaka ushauri utolewe.

Kisha deni lilipwe na shukrani zitolewe. Mlezi aliyeambiwa asante na kulipwa alichoahidiwa atakubali tena Aprili. Aliyeachiwa gharama za kliniki mfukoni mwake hatakubali, na mwaka ujao mbwa atabaki bila mtu.

Maswali ya kujipima

Maswali haya yanaweza kutumiwa nyumbani, katika vyama vya akina mama na vijana, au barazani.

1. Familia inasafiri tarehe 18 Desemba. Mbwa wao wa miezi 5 hajawahi kuchanjwa. Achanjwe lini, na kwa nini?
2. Mlezi anampigia simu mwenye mbwa kumweleza kwamba mbwa amemkwaruza mpita njia, na majirani wanataka kumuua. Mlezi aambiwe afanye nini kwanza, cha pili na cha tatu?
3. Mbwa hula kikombe kimoja cha unga asubuhi na kimoja jioni. Safari ni ya siku 10. Viachwe vikombe vingapi, pamoja na akiba ya siku 3?
4. Kwa nini kadi ya chanjo iachwe kwa mlezi badala ya kufungiwa ndani ya nyumba?
5. Jirani wa karibu zaidi hapendi kugusa mbwa. Anaweza kuombwa msaada gani bila kumvunjia heshima?

Majibu kwa ufupi

1. Kabla ya tarehe 20 Novemba, ili kinga ipate wiki 4 za kukomaa. 2. Aliyekwaruzwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15 na kupelekwa kituo cha afya na kadi ya mbwa. Mbwa afungiwe na kuangaliwa siku 10. Ofisi ya mifugo ijulishwe. 3. Vikombe 26. 4. Kwa sababu mhudumu wa afya na daktari wa mifugo wataihitaji wakati mwenyewe hayupo. 5. Kutazama lango na kupiga simu, huku mtu mwingine akilisha.

Mkazi mwenye swali kuhusu chanjo, leseni ya mbwa au mbwa anayezurura anashauriwa kufika ofisi ya mifugo ya wadi au ya kaunti ndogo anakoishi, mapema kabla msongamano wa Desemba haujaanza. Aende na mbwa akiwa amefungwa kamba, akiongozwa na mtu mzima, na kadi ya zamani kama ipo.